XMP, bakapu ya katalogi, au darktable? Kulinda kazi ya kuhariri picha

FremuTanga:
Wakuu, habari za jioni. Juzi umeme ulikatika nikiwa nahariri harusi ya picha 1,140. Uliporudi, Lightroom Classic, programu ninayohariria, ikagoma kufungua katalogi (faili inayotunza marekebisho yangu), ikisema imeharibika. Picha zenyewe zipo salama kwenye diski ya nje. Kilichokwenda ni kazi ya siku nne ya kusawazisha mwanga na rangi za ngozi, maana bakapu yangu ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita. Nisaidieni kulinganisha: nitegemee bakapu ya katalogi, niwashe XMP (vifaili vya marekebisho vinavyokaa kando ya picha), au nihamie darktable, programu nyingine ya kuhariri? Bibi harusi anasubiri albamu na sitaki haya yanikute tena.

DadaLenzi:
Pole sana kaka. Usianze upya kwanza! Nakili folda nzima ya katalogi mahali pengine. Ukiona faili linaloishia na -wal kando ya lile la katalogi (.lrcat), usilifute, huenda limebeba mabadiliko ya mwisho ambayo hayajaingia kwenye katalogi yenyewe. Ukishanakili, fungua tena na uiruhusu programu ijaribu kuitengeneza.

Kuhusu swali lako: katalogi ni hifadhidata ya SQLite, haina picha ndani. Inatunza maelekezo tu, kwamba picha hii iongezwe mwanga kiasi fulani, ile ikatwe hapa. Ndiyo maana picha unazo na kazi huna. XMP huandika maelekezo hayohayo kwenye kifaili kidogo cha maandishi kando ya kila RAW (picha ghafi ya kamera); kwa JPEG na DNG yanaingia ndani ya picha yenyewe. Katalogi ikifa, unaingiza picha kwenye katalogi mpya na marekebisho yanakuja nazo. Mimi ningewasha leo. Iko Catalog Settings, sehemu ya Metadata.

BabaStudio:
Wanangu, XMP ya Lightroom ni nzuri lakini haibebi kila kitu. Historia ya hatua kwa hatua haimo. Mikusanyiko uliyoipanga kwa ajili ya albamu haimo. Nakala pepe, zile za kuifanya picha moja iwe na toleo la rangi na la nyeusi na nyeupe, hazimo kabisa, na kwa mtu wa harusi hilo si jambo dogo. Vyote hivyo vinakaa kwenye katalogi tu.

Kwa hiyo bakapu ya katalogi haikwepeki. Mimi nimeiweka ifanyike kila ninapofunga programu. Ya wiki kwa wiki haitoshi kwa anayefanya kazi kila siku, wewe mwenyewe umeona. Halafu badilisha mahali inapokwenda. Usipogusa kitu, inajiweka ndani ya folda ileile ya katalogi, na diski ikifa vinazikwa pamoja. Kile kisanduku cha kupima uzima wa katalogi kabla ya bakapu kiache na tiki yake. Na picha zinakiliwe kivyake, bakapu hiyo haizigusi.

Lensi35:
Mimi ni wa darktable, na kwa jambo hili naiona iko mbele. XMP inajiandika yenyewe bila kuwashwa, hatua zote za historia zimo, na kila nakala ya picha inapata XMP yake. Ukipoteza library.db, hifadhidata ya darktable, unaingiza folda upya, kazi inarudi. Sharti ni moja: ukihamisha RAW, hamisha na XMP yake.

Ila kaka, usihame kwa ajili ya ajali hii. darktable husoma sehemu tu ya maelekezo ya Lightroom na matokeo hayafanani. Harusi zako za zamani zitabaki kule, mpya huku, na mteja akirudi mwaka kesho utahitaji programu zote mbili.

DadaLenzi:
Nakubaliana na baba kuhusu nakala pepe, nililiruka hilo. Naongeza moja: ukitaka nakala ya mtandaoni, pandisha ile bakapu iliyofungwa kwa zip. Usiiweke katalogi unayoifanyia kazi ndani ya folda ya Dropbox. Ikipandishwa nusu huku programu inaandika, unaweza kuishia na katalogi mbovu pande zote mbili.

FremuTanga:
Shikamoo baba, asanteni wote. Nilinakili folda kama dada alivyosema, nikaacha programu itengeneze. IMEFUNGUKA! Pungufu ni kazi ya kama nusu saa tu kabla ya umeme kukatika. Nabaki Lightroom. Nimewasha XMP, kisha nikachagua picha zote na kubonyeza Ctrl+S ili ziandikwe mara moja. Nimehesabu kwenye folda, XMP ziko 1,140. Nakala pepe 62 za nyeusi na nyeupe hazina, kwa hiyo bakapu sasa ni kila nikifunga, na inakwenda diski ya pili. Kesho asubuhi nafuata UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.