Huyu mzee katupa mfupa wa kuku kwenye hekalu la Warumi!!

Wakuu, mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye safari ikipangwa hapa Roma yupo kiti cha mbele, mchango ukipita haonekani.

Leo nimewapeleka wageni kutoka Dar pale Largo di Torre Argentina. Mahekalu manne, yalifukuliwa miaka ya 1920 nyumba za juu zilipobomolewa. Miaka yote tulikuwa tunachungulia toka barabarani, 2023 ndo wakafungua njia ya kushuka. Nimesimama mbele ya lile la duara, nguzo sita bado zipo, naeleza jemadari wa Kirumi Catulus alivyoweka nadhiri ya kulijenga, vitani na kabila la Wakimbri mwaka 101 KK. Nawaonyesha kwa nyuma mabaki ya ukumbi alimouawa Julius Caesar. Watu kimya. Mara kitu kinapita juu ya kichwa changu, tap! kwenye ngazi za hekalu.

MFUPA WA KUKU.

Eti analisha paka wa pale magofuni! Nikamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, hapo si jalalani." Akanijibu mbele ya wageni wote: "Wewe umeanza lini kulinda mizimu ya Wazungu?" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Wavamizi wa Kigothi wamepita pale, mafuriko ya mto Tiber yamepita, nguzo zimesimama tu, halafu anakuja mtu na paja la kuku! Na lilikuwa bado na nyama! Wakifunga ile njia tujue ni mfupa wa nani.

#2 Picha ya mfupa iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

#3 Paka alikula au hakula? Jibu hilo kwanza.

#4 Namjua. Msibani kwetu alikula ubwabwa, akaomba na wa kufungiwa.

#5 Mleta mada unalilia mfupa? Nenda magofu ya Gede kule Kenya, tumbili wanakupora ndizi mkononi.

#6 Afadhali tumbili. Mimi Kilwa Kisiwani mwenye boti alikula nauli ya kwenda na kurudi, akaniacha magofuni hadi magharibi.

#7 Mwenye kofia nyekundu?? Mimi alinidai hela ya boya!

#8 (mleta mada) Jamani, MFUPA!

#9 Mkuu #7, hela ya boya alitaka shilingi ngapi? Naenda Jumamosi.