Je, ni kweli Myst ndiyo iliyoua michezo ya mafumbo?

Wadau, kila inapotajwa michezo ya zamani ya kubofya na kufumbua mafumbo, hatakosekana wa kudai kwamba Myst, mchezo wa kompyuta wa kuzunguka kisiwa kisicho na watu ukifumbua mafumbo, ndiyo iliyoiua. Wanasema ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walipoitoa mwaka 1993 na nakala zaidi ya milioni 6 zikauzwa, kila mtengenezaji alikimbilia picha za kupendeza, akasahau wahusika na mazungumzo. Mimi nakataa kabisa.

Kwanza tutazame ugonjwa wenyewe uliowachosha watu, yaani mafumbo yasiyo na mantiki. Katika Gabriel Knight 3, mchezo mwingine wa kubofya wa mwaka 1999, ili ukodi pikipiki inabidi utengeneze masharubu ya bandia kwa manyoya ya paka, halafu uchore masharubu kwenye pasipoti ya mtu unayejifanya kuwa yeye, na mtu huyo hana masharubu! Hakuna akili inayofika hapo isipokuwa kwa kubahatisha. Fumbo la namna hiyo halikutoka Myst. Lina ukoo wake, na ukoo huo ni wa zamani zaidi.

Sasa Myst. Hufi. Hubebi mzigo wa vitu vya kujaribu kimoja kimoja. Unachobeba ni ukurasa mmoja tu wa kitabu. Na kila kinachohitajika kuumaliza mchezo kiko kwenye kisiwa kile cha kwanza tangu unapofika. Kitabu chenye michoro ya kufungulia mahali pa siri nyuma ya meko kipo rafuni, unaweza kukifungua mara moja. Usichokijua ni mchoro upi. Anayejua anamaliza kwa dakika chache, wala mchezo haumzuii. Yaani kufuli pekee ni ujuzi wako mwenyewe, na kwangu mimi hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote katika michezo ya aina hii. Mchezo wa Outer Wilds wa mwaka 2019 umesimama juu ya wazo hilohilo.

Wanaosema ni maonyesho ya picha za mnato wana haki kiasi. Ilijengwa kwa HyperCard, programu ya kuunganisha kurasa za picha na maandishi, picha baada ya picha, kwa sababu kompyuta za wakati ule zisingeweza kuchora mandhari ile papo hapo.

Lawama nzito ipo kwingine, na nashangaa haitajwi: njia za chini ya ardhi katika ulimwengu wa Selenitic, mmojawapo wa ulimwengu unaosafiri kwenda kutoka kisiwa kile. Pale unaongozwa na sauti, kila sauti ikiwa na upande wake. Maana ya sauti hizo hufundishwa katika ulimwengu wa Mechanical, lakini mchezo unakuruhusu uanze na Selenitic. Ukianza huko, unabaki gizani bila somo. Na mchezaji asiyesikia je? Hilo ni kosa la usanifu, na ningependa watetezi wenzangu wa Myst walikubali.

Waliokuja baadaye waliiga maji, ukungu na mashine za ajabu, wakaacha mpangilio wa ujuzi. Kwa nini aliyeigwa abebe dhambi ya walioiga vibaya?

Swali langu kwa upande wa pili: toleo jipya la mwaka 2020 linaruhusu majibu ya mafumbo yabadilishwe, ili anayeyakumbuka afumbue upya. Kama Myst ilikuwa picha tu, mabadiliko hayo yangekuwa na kazi gani?