ETI NIMPANGUZIE KIOO!! Huyu bwana wa hisa tutamvumilia mpaka lini?

Wakubwa kwa wadogo, ba mama na ba papa wa Lubumbashi, leo mtu asiniambie nitulie. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa hisa, bukari (ugali wetu) iko mezani inapoa, mama watoto ananitazama tu. Sili. Naandika.

Jina lake silitaji, mnamjua wote. Yule wa tai ndefu inayoanzia shingoni na kuishia Likasi. Yule wa miwani nyeusi saa mbili za usiku, ndani ya nyumba, umeme umekatika. Manukato yake ndiyo hufika kwanza kwenye kikao, yanasalimia watu, yanatafuta kiti, ndipo mwenyewe anaingia. Hamalizi sentensi bila New York, na hiyo New York nadhani ameiona kwenye kalenda ya kinyozi.

Leo somo lilikuwa Apple, kampuni ya iPhone. Alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Akasema iliingia sokoni Desemba 1980 kwa dola 22 hisa moja, tangu hapo hisa zimegawanywa mara tano, kila moja ikikatwa kuwa kadhaa, ya mwisho Agosti 2020, kwa hiyo aliyenunua moja wakati ule akakaa nayo sasa anahesabu 224. Ukumbi mzima ukapiga makofi, utafikiri ni yeye aliyezigawanya kwa kisu.

Nikanyoosha mkono. Kwa heshima! Nikasema, «Mkubwa, naomba kuuliza.» Mimi ni fundi wa simu, mnajua, naona mambo kwa chini. Watu wa Katuba, wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), mpaka Ruashi kule, wananiletea iPhone 11 za mitumba ya Dubai. Betri imechoka, naweka nyingine, simu inaandika kwamba haikitambui kipuri. Mwenyewe anasema «iache ilie», anaenda zake kuitumia miaka mingine. Hakuna anayeuliza mpya. Na iPhone ndiyo karibu nusu ya mapato ya kampuni nzima. Gari walilohangaika nalo miaka yote wamelifuta Februari 2024. Yule Siri, msaidizi wa sauti ndani ya iPhone, mpya na mwerevu waliyetuonyesha Juni 2024, Machi 2025 wakasema jamani atachelewa. Nikauliza: sasa hii hisa inapanda kwa sababu gani? Basi. Kuna tusi hapo? Nionyesheni tusi.

Bwana akavua miwani. Akanitazama kuanzia kandambili kwenda juu. Akatoa iPhone yake mfukoni, akaishika kwa vidole viwili, akaninyooshea mbele ya ukumbi mzima: «Fundi, sisi huku tunaongea hisa. Wewe nipanguzie kioo.»

NIPANGUZIE KIOO.

Mbele ya shemeji yangu! Na mambo ya mahari na ule ukoo bado hayajaisha! Shemeji akainamisha kichwa, mabega yanacheka.

Nipanguzie kioo, mimi, ambaye hiyo simu nimeifungua kwa mikono hii? Kioo chenyewe si cha kiwandani, betri si ya kiwandani, na skrubu moja ya chini haipo (hiyo tuiache). Kila akiingia kwenye mipangilio ile simu inamwambia kipuri hakijulikani, ndiyo maana haifungui mbele za watu. Huyo ndiye wa kunifundisha Apple!

Nilikuwa na hoja nyingine pale, za maana. Warren Buffett mwenyewe, yule tajiri mkubwa wa hisa Marekani, mwaka 2024 aliuza sehemu kubwa ya hisa zake za Apple. Alikuwa na mashaka au alitaka pesa taslimu, ni shauri lake, lakini hakuna aliyemwambia apanguze kioo!!

Semeni neno. Nimekaa hapa.

Mama_Malewa: Papa fundi, pole sana. Swali dogo tu. Ulipanguza ama hukupanguza?

Fundi_Katuba: Mama, hilo si jambo la msingi.

Kijana_Kamalondo: ALIPANGUZA 😂😂😂

Mtu_wa_Nyuma: Nilikuwa pale, kiti cha karibu na mlango. Alipanguza. Alipuliza pumzi kwanza, akapanguza na pindo la shati, akainua simu kwenye mwanga akakagua. Halafu, Mungu ni shahidi, akauliza «na upande wa nyuma?»

Kijana_Kamalondo: NA UPANDE WA NYUMA 😂😂😂 niacheni nife

Fundi_Katuba: Ule ni mkono wa kazi! Ukipewa simu chafu kila siku ya Mungu mkono unaenda wenyewe! Na mnaacha kosa la mtu mnashika shati langu. Alisema NIPANGUZIE. Mbele ya shemeji!

Shemeji_Mtu: Mabega hayakuwa yanacheka. Nilikuwa nakohoa.

Mama_Malewa: Ule muntu eko na deni yangu ya ndakala (samaki wadogo) na bukari tangu msimu wa mvua. Anakula, anafuta mdomo, anasema «mama, andika, soko likifungua nalipa». Soko gani? Soko lafungua kila siku! Wewe kioo tu unalia, mimi ni sahani.

Mzee_Kampemba: Kwa wanaotaka kujifunza. Swali la fundi lina jibu, na bwana wa tai angeweza kumjibu kwa dakika moja. Kwanza, Apple inanunua hisa zake yenyewe sokoni na kuzifuta. Mei 2024 walitangaza ununuzi wa hadi dola bilioni 110, mkubwa kuliko wowote katika historia ya Marekani. Hisa zikipungua, faida ileile inagawanywa kwa vipande vichache, kila kipande kinanenepa. Pili, huyo mteja wako wa iPhone 11 asiyenunua mpya bado anawalipa: programu, muziki, nafasi ya kuhifadhi picha. Huduma hizo zina faida nono kuliko simu. Tatu, Google iliwalipa Apple kama dola bilioni 20 mwaka 2022 ili iwe ya kwanza kutafuta mambo ndani ya iPhone, yametoka mahakamani hayo, kwenye kesi ya Google na serikali ya Marekani. Hatari iko hapohapo: mahakama ikikaza, au watu wakizoea kuuliza akili bandia badala ya kutafuta, ule mto

Kijana_Kamalondo: Mzee mega zangu za intaneti zimeisha kwenye «pili»

Mzee_Kampemba: ule mto unakauka. Nimemaliza. Vijana hamna subira.

Fundi_Katuba: Asante Mzee!! Mnaona? Hivi ndivyo mtu anavyojibiwa. Mzee hakunipa kitu cha kupanguza.

Kobalti_Kolwezi: Mnasahau la nyumbani. Betri za simu hizi zinatumia madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, hapa kwetu. Februari 2025 serikali ilizuia kuitoa nje, ikaongeza muda, Oktoba ikaweka viwango vya kuitoa. Kampuni zote hizo zishike adabu.

Mzee_Kampemba: Apple walishaliwaza hilo, kijana. Walitangaza 2023 kwamba kufikia 2025 betri wanazobuni wenyewe zitatumia kobalti iliyorejelezwa tupu. Wanatoa kwenye simu za zamani.

Fundi_Katuba: Basi hata kobalti yetu imeambiwa ipanguze kioo.

NvidiaTu: Kwani nani bado anaongea Apple? Hiyo ni hisa ya wazee wenye pensheni. Nvidia, wakubwa, watengeneza chipu za akili bandia. Kila mwenye akili bandia anapanga foleni kwao. Julai 2025 ikawa kampuni ya kwanza duniani kufika thamani ya dola trilioni 4. Apple ilikuwa inaangalia kwa dirisha.

Lupopo_Mpaka_Kufa: Tukumbushe tarehe 27 Januari 2025 basi. Wachina wa DeepSeek wametoka na programu yao ya akili bandia, Nvidia yako ikaanguka asilimia 17, karibu dola bilioni 600 ndani ya siku moja. Siku MOJA. Ulikuwa unalala chini ya kitanda.

NvidiaTu: Ikarudi! Aliyeuza siku ile ndiye aliyelia.

Dada_wa_Goma: Tarehe hiyo sisi wa Goma hatukuwa tunaangalia hisa. Vita ilikuwa imeingia mjini.

Mama_Malewa: Pole mwanangu. Mungu awashike.

Lupopo_Mpaka_Kufa: Pole dada.

Kijana_Kamalondo: Mimi niko na kipande cha Apple, si hisa nzima, kipande. Mei 2025 gawio, ile faida wanayowagawia wenye hisa, lilipanda likawa senti 26 kwa hisa kila miezi mitatu. Yangu ilipoingia nilifikiri simu ina hitilafu. Haitoshi hata kitumbua.

Mtu_wa_Nyuma: Na hizo senti utazichukulia wapi? Hapa sarafu za dola nani anazipokea?

Fundi_Katuba: Jamani tunapotea. Hoja ni kwamba mtu mzima ameambiwa mbele ya

Mama_Malewa: Senti?? Noti zenyewe hawapokei! Jana kambisti, mbadilisha pesa wa pale karibu na posta, amenikatalia ya dola 20. Ameigeuza, ameikunja, ameinusa. Eti ina kapasuko pembeni. Kapasuko gani, mimi na miwani yangu sikioni!

Shemeji_Mtu: Kumbe si wewe peke yako. Mimi wamenikatalia kwa alama ya kalamu. Nukta ya bluu. Nukta!

Kobalti_Kolwezi: Kolwezi ni mbaya zaidi. Ukiikunja mara mbili tu tayari imekuwa mgonjwa. Na kinachoniudhi, noti hiyohiyo yeye ndiye alikupa wiki iliyopita. Akikupa wewe ni nzima, ukimrudishia ina majeraha.

NvidiaTu: Ndiyo maana mimi pesa yangu yote iko kwenye simu. Haipasuki.

Mtu_wa_Nyuma: Simu yenyewe inapasuka, muulize fundi.

Fundi_Katuba: Ndiyo, mniulize mimi. Na mtu akiwa fundi haimaanishi kwamba anapewa kioo cha kupanguza mbele ya

Lupopo_Mpaka_Kufa: Mama Malewa, hiyo ya 20 usiitupe. Kuna kijana Kenya, nyuma ya soko, ananunua zilizopasuka. Anakata kidogo lakini anapokea.

Mama_Malewa: Anakata ngapi?

Lupopo_Mpaka_Kufa: Inategemea jeraha. Pembeni anakata kidogo. Ikigusa namba, uhesabu hasara.

Mzee_Kampemba: Kwa wanaotaka kujifunza: kwao Marekani noti ikibaki zaidi ya nusu inabaki na thamani yake yote. Ni sisi tumejitungia sheria ya urembo.

Kijana_Kamalondo: Mzee Marekani ni mbali na mimi nataka kununua mkate

Dada_wa_Goma: Huku kwetu pia wanachagua noti kama wanachagua mke. Nina ya 50, imetoboka kwenye ndevu za yule mzee. Hakuna anayeitaka.

Mnunuzi_Kenya: Mimi ndiye kijana wa nyuma ya soko. Nani amesema ndevu? Shimo kubwa kiasi gani?

Dada_wa_Goma: Kama punje ya mchele.

Mnunuzi_Kenya: Natoa 35.

Dada_wa_Goma: Mwizi.

Fundi_Katuba: Wakubwa, samahani, uzi huu ni wangu.

Mnunuzi_Kenya: 38, na usafiri ni juu yako.

Mama_Malewa: Kijana usimuibie mtoto wa watu, mpe 42. Na yangu ya 20 nikuletee kesho kabla ya saa nne, au unafungua saa ngapi?