Mliowahi kwenda na treni kwenye miji ya mifereji mkarudi siku hiyo hiyo: tupeane uzoefu, mlikwama wapi?

Kinyozi wa Leuven
Wakuu, leo nafua koti la baridi, mfukoni nikakuta tiketi ya treni ya kwenda Brugge, ule mji wa mifereji wa hapa Ubelgiji, maandishi yamefifia. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Siku ile ratiba ilikuwa Gent asubuhi, Brugge mchana, saa moja usiku tuko nyumbani tunakula ubwabwa. Tuliingia nyumbani saa saba usiku, na mwenzetu mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Hicho kiatu nitakisimulia nikipata nafasi.

Najua humu tuko wengi wa Ubelgiji, Uholanzi, hadi Italia, na mgeni akija kutoka nyumbani ombi lake la kwanza ni "nipelekeni kule kwenye maji". Haya, mwageni.

Asali wa Moyo
Natandika mkeka hapa.

Mgeni Njoo
Tulikuwa Padova kwa shemeji, tukasema twende Venice turudi jioni. Treni ikasimama, kibao kimeandikwa Venezia Mestre. Mke wangu: "Venezia hii hapa, shuka!" Tukashuka. Tumetembea dakika arobaini, maghorofa, gereji, duka la matairi, maji hakuna hata ya kunawa. Mke wangu akaanza kunong'ona kwamba pengine yamekauka. Nikamuuliza mzee mmoja, akanyoosha kidole kule tulikotoka, wala hakufungua mdomo. Nadhani anaulizwa kila siku.

Kumbe Mestre ni bara. Venice yenyewe stesheni yake ni Santa Lucia, unarudi kwenye treni, inapita darajani juu ya maji kama dakika kumi hivi. Ukitoka mlangoni tu, ngazi, halafu mfereji mkubwa uko miguuni pako, boti zinapishana kama daladala za Kariakoo. Nilikaa kwenye zile ngazi nikanyamaza kabisa. Mke wangu hataki hadithi hii isimuliwe nyumbani, ndiyo maana naimalizia huku.

Konda Mstaafu
Mestre imekula wengi.

Nyanya Chungu
Mie Santa Lucia niliijua, kilichonipata ni tiketi. Treni zile za mikoani za Italia, tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kabla hujapanda. Mie nimenunua, nimekunja, nimeweka kwenye pochi kwa adabu. Konda akaja, nikampa huku natabasamu. Faini iliyotoka pale ilikuwa bajeti yetu ya chakula. Venice nimeila kwa pizza moja watu watatu.

Konda Mstaafu
Uholanzi ndiyo balaa zaidi. Kadi unaigonga ukiingia stesheni na unaigonga tena ukitoka. Ukisahau ya kutoka wanakukata euro 20.

Bwana Jumatano
Mimi nilisahau Delft siku ya Jumapili. Nilikumbuka Jumatano nikiwa naoga.

Konda Mstaafu
Unaweza kudai wakurudishie. Mimi wamenirudishia.

Bwana Jumatano
Mimi nimedai hadi nimesahau nadai nini.

Dada wa Kirumba
Mmenikumbusha treni ya kutoka Rotterdam kwenda Leiden. Nimekaa dirishani, behewa tupu, raha mustarehe. Simu ikaita, dada yangu yuko Mwanza, mzigo wa dagaa umelowa mvua na mteja kagoma kulipa. Na nyie mnajua simu ya Mwanza haiongelewi kwa sauti ya chini. Nikamwaga sera, mkono mmoja hewani. Watu wananitazama, nami nikadhani wananionea huruma kwa dagaa. Bibi mmoja akainuka pole pole, akagonga kioo kwa kucha: STILTE, na kijipicha cha kidole mdomoni. Behewa la kimya! Nilikata simu, dada akapiga tena, nikakata, akapiga tena. Mpaka tunafika Leiden nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hata hivyo Leiden nimeipenda kuliko Amsterdam. Kuta za nyumba zina mashairi kwa lugha chungu nzima, unavuka kijidaraja unasoma, unavuka kingine unasoma. Na pale chuoni kwao Kiswahili kinafundishwa, kwa hiyo msisengenye watu mkidhani hawawasikii.

Mwalimu Mkuu
Naomba nichangie kitaaluma. Brugge ilitajirika kwa bahari. Mkono wa bahari ulioitwa Zwin ulileta meli hadi karibu na mji, wakafanya biashara ya sufu ya kondoo na vitambaa na nusu ya Ulaya. Halafu Zwin ikajaa tope na mchanga, meli zikahamia Antwerp, mji ukalala. Umaskini ndio uliohifadhi zile nyumba, kwa sababu hapakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga upya. Ama wale batamaji weupe mnaowapiga picha, wanasema mwaka 1488 watu wa mji walimfunga mtawala Maximilian na kumkata kichwa mtumishi wake Pieter Lanchals. Jina hilo linakaribiana na "shingo ndefu" kwa lugha yao. Basi hadithi inasema mji ukaadhibiwa kufuga shingo ndefu milele.

Asali wa Moyo
Mwalimu, kengele imelia, tuachie mapumziko.

Wa Kariobangi
Hiyo adhabu mimi ndiyo nililipa. Nilibeba chapati tatu kutoka nyumbani, nimekaa pale kando ya ziwa la Minnewater nimefungua foil. Huyo shingo ndefu alitoka kwa maji akitembea kama askari kanjo, akachukua moja yote. Yote, wasee. Watalii wakapiga picha.

Binti Tanga
Nilijiapiza kutoisimulia hii, lakini Dada wa Kirumba kanichokoza.

Mwaka 2017 mama yangu alikuja kutoka Tanga, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege, umri sabini na ushei. Sisi tunaishi Brussels. Jumamosi moja tukasema tumpeleke Brugge, ni kama saa moja tu kwa treni. Msafara: mimi, mume wangu, watoto watatu, kigari cha mdogo. Mama kakumbatia kikapu chake, maana yeye hali vya kununua njiani: kababu, mkate wa mofa, chupa ya chai ya tangawizi. Kavaa koti langu refu la baridi, na juu ya koti kanga. Tulibishana nusu saa kuhusu hiyo kanga, akashinda.

Sasa ile treni ya kwenda pwani ikifika Brugge inakatwa vipande viwili. Mabehewa haya yanakwenda Knokke, yale Blankenberge. Inatangazwa, lakini ukishaingia Flanders ni Kiflemi kitupu, nasi wa Kifaransa tunasikia jina la kituo tu. Tunakaribia kufika, mama anasema anakwenda chooni. Nikamwambia ngoja mama, tunashuka. "Sichelewi." Akaondoka na kikapu chake, hakuwa anamwamini mtu na kile kikapu.

Treni imesimama. Watu ni wengi, mume kabeba kigari, mimi nahesabu watoto: mmoja, wawili, watatu. Tukashuka, tukafuata umati, ngazi hadi chini ya reli, tumefika ukumbini ndipo mtoto wa kati ananiuliza, "Bibi yuko wapi?"

Nilipanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani. Jukwaa tupu. Vipande vyote viwili vimeondoka.

Mfanyakazi wa stesheni akaniuliza kwa utaratibu mzuri tu, mama yako alikuwa wa Knokke au wa Blankenberge? Nikamjibu mama yangu alikuwa wa chooni. Mume akachukua treni iliyofuata ya kwenda Knokke, kubahatisha. Mimi nikabaki na watoto pale pale. Mama hana simu. Kiingereza hajui, Kifaransa hajui, anajua Kiswahili, Kibondei na Qur'ani. Karibu saa nzima. Kila mwanamke mzee aliyepita nilimwona mama.

Simu ikaita, namba siijui. Mwanamume, Kiingereza cha kutafuta: hapa Blankenberge nina mama mmoja, amevaa kitambaa chenye maandishi. Kumbe mama alipoona treni imefika mwisho na kila mtu anashuka, akamfuata konda, akamsimamisha, akafungua fundo la pindo la kanga mbele yake. Ndani mlikuwa na noti ya euro 20 iliyokunjwa mara nne, na kikaratasi chenye namba yangu, pamoja na ile 32 ya Ubelgiji ya mwanzo. Dada yangu aliandika akamfungia siku anaondoka Tanga. Na mimi ndiye niliyemcheka mama uwanja wa ndege, nikamwambia Ulaya watu hawafungi vitu kwenye kanga.

Tulimkuta kwenye benchi, kijana wa stesheni kando yake anatafuna kababu. Mimi nalia, watoto wanalia. Mama ananitazama: "Si mlisema mnanipeleka kwenye mifereji? Hii bahari, naisikia harufu." Tukaenda hadi ufukweni, maana pale ni jirani tu. Akavua kiatu, akachovya vidole, akavitoa haraka. "Baridi yote hii, samaki wanavaa nini?"

Brugge hakuiona siku ile. Kanga ilikuwa ile ya WEMA HAUOZI, kama mnataka kujua.

Asali wa Moyo
Nimecheka halafu nimelia halafu nimempigia mama simu.

Jicho la Tai
Hii chai.

Nyanya Chungu
Ya tangawizi, kashasema.

Jicho la Tai
Sitanii. Mtu hasahau mama mzazi kwenye treni. Kigari hamkukisahau, watoto hamkuwasahau, mama ndiye mzigo wa kusahau?

Binti Tanga
Ndugu, wewe una watoto wangapi?

Jicho la Tai
Hilo halihusiani.

Dada wa Kirumba
Linahusiana sana. Hana.

Konda Mstaafu
Treni hiyo kweli inakatwa, mimi shahidi. Niliwahi kufika Knokke nikiwa usingizini. Nikaona magari ya kifahari mitaani, nikajua si kwetu.

Papa Lushois
Bandugu, miye niko Liège. Ile siku nilitoka Gent mangaribi, naangalia kibao cha treni, natafuta Liège. Hakuna Liège. Naona Eupen, chini yake banaandika Luik. Luik ni wapi? Nikaacha treni ikaenda. Saa moja nyuma inakuya ingine, Luik tena. Nikaacha. Ya tatu nikauliza mama mumoja, akaniambia: papa, Luik NI Liège. Miaka kumi na ine niko naishi Luik, sikujua!

Wa Kariobangi
Papa, umeua 😂

Kinyozi wa Leuven
Hii nchi kila mji una majina mawili. Mons wanaita Bergen. Lille iko Ufaransa lakini ukiwa Flanders wanaitangaza Rijsel. Andikeni majina yote mawili kwenye kiganja kabla hamjatoka.

Msomi wa Pwani
Nasoma nacheka, ila mimi kilichonikwamisha ni kingine. Nilikwenda Middelburg, Uholanzi, kwa treni, mji mzuri, mfereji umeuzunguka kama mkufu. Nimekula keki, nimepiga picha. Kisha nikasoma kwamba kampuni ya biashara ya mji ule ule ilikuwa ikisafirisha watumwa kutoka Afrika karne ya 18, na daftari zake zipo hadi leo, safari kwa safari. Niliyatazama tena yale madirisha. Sikuweza kumaliza keki.

Mwalimu Mkuu
Na Delft, Hoorn na Enkhuizen zilikuwa na ofisi za kampuni kubwa ya India ya Mashariki. Zile nyumba hazikujengwa kwa jibini.

Jicho la Tai
Sasa mmeanza. Mtu kaenda kutembea, mnamletea utumwa.

Msomi wa Pwani
Sijakuletea, nimeukuta. Na kwetu Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia UNESCO mwaka 2000, mwaka ule ule wa Brugge. Nenda kautembee halafu uniambie kama utakwepa habari hiyo.

Bwana Jumatano
Tukirudi kwenye mada: chipsi. Mayonezi au hapana?

Nyanya Chungu
Mayonezi ni dhambi.

Papa Lushois
Bila mayonezi ile si frites.

Wa Kariobangi
Ushauri wa bure: mnara wa Brugge una ngazi 366. Usipande baada ya kula. Usipande na mtu unayemtongoza pia, nilifika juu siwezi hata kutaja jina langu.

Konda Mstaafu
Mimi nasema anzieni Brugge asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, Gent jioni. Stesheni ya Gent iko mbali na mjini, chukueni tramu namba 1 hadi Korenmarkt.

Mgeni Njoo
Kinyume chake. Gent asubuhi, Brugge jioni watalii wakishaondoka. Taa juu ya maji, kimya. Na boti ni lazima.

Dada wa Kirumba
Boti ya nini, nusu saa umebanwa kama dagaa, unainamishwa kichwa kila daraja. Tembea kwa miguu. Au nendeni Utrecht, mfereji uko chini ya barabara, unashuka ngazi unakunywa kahawa maji yako usawa wa kiti. Ila si na kigari cha mtoto.

Bwana Jumatano
Mtu anayetaka Giethoorn, kile kijiji cha mifereji cha Uholanzi, asitafute stesheni, haipo. Unashuka Steenwijk unapanda basi.

Asali wa Moyo
Binti Tanga, mama aliiona Brugge hatimaye?

Binti Tanga
Wiki iliyofuata. Akasema nzuri, ila Blankenberge imemkaa zaidi, kule ana mtu. Kila Idi anauliza "yule kijana wa kababu hajambo?"

Nyanya Chungu
Kinyozi, na kiatu je?

Kinyozi wa Leuven
Kiatu kipo Gent, chini ya daraja la Sint-Michiels. Mengine mwenyewe kanikataza, yumo humu.

Wa Kariobangi
Jicho la Tai, ni wewe?

Mpya Kundini
Samahani wakuu, nimesoma yote. Kesho natoka Brussels kwenda Brugge na mama mkwe. Mabehewa ya mbele ndiyo ya Knokke au Blankenberge?

Konda Mstaafu
Ya mbele Blankenberge.

Mgeni Njoo
Knokke.

Papa Lushois
Inategemea siku.

Binti Tanga
Mwandikie namba yako sasa hivi. Ana kanga?