Matairi gani ya kushukia Magamba hadi Mombo? Ringi 29, hakuna shokapu nyuma

Kigongo (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita tuko wanne tunaenda Lushoto, siku tatu za kushuka tu: asubuhi njia za msitu wa Magamba, mchana kuteremka hadi tambarare ya Mombo. Gari litatupandisha, kwa hiyo mlima wa kupanda si hoja.

Baiskeli: ringi 29, upana wa ndani milimita 25, shokapu ya mbele milimita 130, nyuma hakuna kitu. Nina kilo 78, begi kilo 6. Matairi yaliyopo ni ya upana wa inchi 2.25, ubavu mwembamba, meno mafupi, ndani tyubu. Hela inatosha matairi mawili ya maana na vikorokoro vyake. Nichukue yapi, na nihamie tyublesi (tairi lisilo na tyubu ndani) au nibaki na tyubu? Nawasilisha.

Spoku36
Mkuu, kila mtu hukimbilia kuuliza meno. Wewe anza na ganda, yaani kitambaa kinachounda tairi chini ya mpira. Mteremko ule una mawe ya makali, na kwa kuwa huna shokapu nyuma, tairi la nyuma ndiyo shokapu yako. Ganda jepesi likipigwa jiwe kwa kasi linabanwa kati ya jiwe na ringi, linakatika ubavuni. Mwiba unazibika, ubavu uliochanika sentimita moja hauzibwi na dawa ya pancha hata umwage chupa nzima.

Kwa matairi ya kampuni ya Maxxis, EXO ni ganda moja lenye kinga ubavuni, DoubleDown ni maganda mawili, na DH ndiyo nene kabisa. Mbele EXO inakutosha. Nyuma weka DoubleDown. Uzito utaongezeka, lakini si umesema gari linapandisha?

Teremka_Tu
Assegai 2.5 ya Maxxis mbele na nyuma, mpira wa MaxxGrip, ule laini kabisa. Kwisha habari.

Spoku36
@Teremka_Tu hapo napinga mawili. Assegai ya 2.5 ni ya WT (aina ya ringi pana), imechorwa kwa ringi ya ndani milimita 30 hadi 35. Kwenye 25 tairi linakuwa mviringo kama puto: meno ya pembeni yanarudi chini, na ukilaza baiskeli kwenye kona ubavu unajikunja. La pili, MaxxGrip nyuma inaisha upesi, na kutoka Soni, mji mdogo ulio njiani, hadi Mombo ni lami tupu. Mpira laini kwenye lami ya moto ni kifutio.

Kigongo, mbele tafuta Minion DHF 2.3 isiyo ya WT, au Magic Mary 2.4 ya Schwalbe kwa mpira wa Soft. Nyuma Minion DHR II ya 2.4, mpira wa MaxxTerra, mgumu kuliko MaxxGrip. Hiyo nayo ni WT, ila kwa 2.4 tofauti ni ndogo, itakaa vizuri.

Teremka_Tu
Ringi sikuiona, nimekubali. Ila mbele asiogope mpira laini. Tairi la mbele likiteleza ni uso chini. La nyuma likiteleza unalirudisha kwa kiuno.

BiPedali
Naongezea udongo, maana mnaongea kama ardhi ni moja. Mwezi wa sita masika yamekwisha lakini Magamba bado ukungu na mizizi yenye ute. Udongo mwekundu ukiwa na maji unajaza meno mpaka tairi linakuwa donati. Ndiyo maana DHF na Magic Mary zinafaa: meno yameachana, tope linarushwa. Ukishuka chini udongo uleule umekauka, mgumu kama sakafu, na juu yake changarawe zinazoviringika. Hapo usiegemee nyuma kwa woga. Tairi la mbele halishiki bila uzito juu yake.

Kisha kule chini kuna mbigili na miiba ya migunga. Kwa sababu hiyo peke yake, hamia tyublesi. Na tyubu utalazimika kujaza psi 30 mbele na 34 nyuma ili usipate pancha ya kubanwa (zile tundu mbili sambamba kama jino la nyoka), na kwa upepo huo tairi linadunda juu ya mizizi badala ya kuishika.

Kigongo
Asanteni sana. Dada BiPedali, tyublesi sijawahi kufunga. Hatua zikoje, na nisipokuwa na kompresa?

BiPedali
Kwanza hakikisha ringi yenyewe inakubali tyublesi. Toa utepe wa zamani, safisha ringi kwa spiriti, iache ikauke. Bandika utepe wa tyublesi wa milimita 28 hivi, mizunguko miwili, ukiuvuta kwa nguvu. Ukiwa mwembamba kuliko ringi, upepo utatokea kwenye spoku. Tundu la valvu toboa kwa msumari wa moto, usikate msalaba kwa kisu: ule mkato unaendelea kuchanika taratibu.

Vaa tairi kwa kufuata mshale wa mzunguko. Anzia upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu, huku unasukuma kingo ziingie kwenye bonde la katikati ya ringi. DoubleDown ni ngumu kuvaa. Watu huvunja vijiti bure wakati kingo za upande wa pili hazijaingia bondeni.

Paka maji ya sabuni, ng'oa kiini cha valvu, jaza upepo kwa kishindo. Sheli yoyote ina kompresa, nenda na adapta ya valvu nyembamba. Huna? Vaa tairi na tyubu, jaza, liache usiku kucha, asubuhi bandua upande mmoja tu utoe tyubu. Upande mmoja ukiwa tayari umekaa, pampu ya mguu inaweza kumalizia. Sikiliza milio miwili, "pa! pa!". Kisha dawa mililita 120 kwa kila tairi, rudisha kiini, jaza, tikisa, laza gurudumu dakika kumi kila upande.

Fanya hivi wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Spoku36
Upepo: mbele psi 22, nyuma 27. Ukisikia ringi inagonga jiwe, ongeza 2. Ukiona tairi linayumba kwenye kona, ongeza 1. Beba tyubu moja ya akiba, tambi za kuzibia, na kipande cha chupa ya plastiki cha kuweka ndani ubavu ukichanika. Mwiba mrefu usiung'oe mpaka utambi uko mkononi.

Na dukani soma namba za ubavuni: lazima iishie 622. Ukiagiza "tairi kubwa" kwa maneno unaweza kuletewa 28 ya baiskeli za mizigo, ile ni 635, inapwaya kwenye ringi yako, haikai.

Kigongo
Imekaa sawa wakuu. La mwisho: Lushoto ni kama mita 1,400, Mombo 400 na kitu. Upepo niurekebishe njiani?

Spoku36
Hapana. Ukishuka mita 1,000 hewa ya nje inakuwa nzito, kipimo kinasoma pungufu kama psi 1.5. Lakini chini kuna joto, na nyuzi 14 zikiongezeka zinakurudishia karibu kiasi hichohicho. Pima asubuhi kwenye baridi kabla ya kuondoka, kwa kipimo kilekile siku zote tatu.

BiPedali
Na kabla ya lami usimame ukague meno ya nyuma. Yakianza kupasuka mizizini, siku ya tatu ishia Soni upande gari.