Nitoboe mazabodi au ninunue kipozeo kingine? Harusi mbili zinanisubiri

Mhariri wa Temeke
Wakuu, habari za usiku. Nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na prosesa ya i5-10400 na kipozeo (bati na feni ya kuondoa joto la prosesa) cha Cooler Master Hyper 212 EVO, miaka yote hiyo sijawahi kukilalamikia. Juzi jamaa anayehama mji kaniuzia mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B660, prosesa ya i7-12700 na kasha dogo la saizi ya mATX lenye kioo ubavuni. Prosesa haikuwa na feni yake. Nikasema hamna neno, ya zamani si ipo?

Kumbe neno lipo. Skrubu za Hyper hazilengi matundu, zimepishana kidogo tu, kama unene wa kucha. Sasa hivi nimeazima kwa rafiki ile feni fupi ya Intel inayokuja na i5-12400. Kufungua mafaili, safi. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), dakika mbili haziishi joto limegota nyuzi 100, feni inalia kama mashine ya kusaga na kazi inaanza kutambaa. Jumamosi nakabidhi harusi mbili.

Fundi mmoja kasema nimpelekee apanue matundu kwa keekee, dakika kumi kamaliza. Nimpelekee? Kama ni kununua, kipi kitaingia? Nina laki na nusu, nikijikaza laki mbili.

Saa Sita Mchana
USITOBOE. Na huyo fundi mkwepe kwa wema.

i5-10400 ni soketi (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) ya LGA1200, matundu yake yamekaa kwenye mraba wa milimita 75 kwa 75. i7-12700 ni LGA1700, mraba ni 78 kwa 78. Hiyo tofauti ndiyo kucha yako. Mazabodi si ubao wa kabati, ndani ina matabaka ya shaba na nyaya nyembamba kama unywele. Keekee ikikata moja umepoteza mazabodi, na bahati ikiwa mbaya prosesa nayo inaondoka.

Halafu hata matundu yakipanuka salama, prosesa ya LGA1700 inakaa chini zaidi kwenye soketi, karibu milimita moja. Springi za zamani hazitakandamiza inavyotakiwa. Utafunga, utawasha, utarudi hapa na nyuzi 100 zile zile.

Wanachotumia watu ni vyuma vya kufungia vya LGA1700. Cooler Master wanavyo kwa vipozeo vyao vya nyuma. Noctua wao huwapa wateja wao bure ukionyesha risiti.

Babu wa Bati
Mjukuu, kabla hujaanza kutafuta vyuma, pima kasha kwanza. Hyper 212 EVO ina urefu wa milimita 159, na makasha mengi madogo hayafiki huko. Lilaze kasha, toa kioo, simamisha rula juu ya bati la prosesa (mashine imezimwa na waya umechomolewa, nasema maana nawajua), soma mpaka usawa ambapo kioo kinakaa.

Mhariri wa Temeke
Babu shikamoo. Nimepima mara tatu nikidhani rula ina makosa. 153.

Kwa hiyo hata ningetoboa, kioo kisingefunga?

Babu wa Bati
Marahaba. Kisingefunga. Ungekuwa na mazabodi yenye matundu makubwa na kasha lisilo na ubavu.

Kijana wa Upanga
Mkuu weka kipozeo cha maji tu, rejeta ya 240 (bapa la kupozea maji, la feni mbili), umemaliza mjadala. Hakuna habari ya urefu.

Saa Sita Mchana
Urefu haupo, lakini rejeta ataifunga wapi? Kwenye kasha dogo ikienda juu mara nyingi inagongana na RAM (vijiti vya kumbukumbu), ikienda mbele inabanana na kadi ya picha. Na pampu ikifa kazi inasimama pale pale. Feni ya kipozeo cha hewa ikifa unanunua nyingine ya sentimita 12 duka lolote, unaivisha, unaendelea. Mtu anayeishi kwa mashine yake, mimi namshauri hewa.

Kijana wa Upanga
Sawa, basi Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Minara miwili, feni mbili, bei ya kistaarabu.

Babu wa Bati
Kipozeo kizuri sana, lakini ni 155. Kijana kasema 153. DeepCool AK400 nayo 155. Na hiyo ya minara miwili feni ya mbele inakaa juu ya RAM, kwa hiyo RAM zikiwa ndefu za mataa unaipandisha feni, na urefu unaongezeka tena.

Mjukuu, kwa kasha lako tafuta mnara mmoja: Thermalright Assassin X 120 Refined SE, 148. Au ID-Cooling SE-214-XT, 150. Ukifika dukani usikubali neno la "inaingia zote". Geuza boksi, tafuta LGA1700 kwenye orodha. Mzigo wa zamani unaweza kuwa na jina lile lile bila vyuma vya 1700. Ukikuta imeandikwa LGA1851 ni sawa pia, ufungaji ni ule ule.

Nusu Wati
Wote mmeongelea chuma, hamjaongelea moto wenyewe. i7-12700 inaandikwa wati 65, lakini ikikazana Intel wenyewe wanaipa hadi 180, na kuna mazabodi zinazoiachia hata bila kikomo cha muda. Ile feni ya kuazima ilitengenezewa hizo 65. Haina kosa.

Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka), tafuta PL1 na PL2 (vikomo vya wati za prosesa, cha muda mrefu na cha muda mfupi), zote andika 65. Itarenda polepole zaidi lakini haitapanda na kushuka, na utalala. Hii haina gharama, fanya leo. Ukishafunga kipozeo kipya, panda 100, kisha 125, huku unaangalia joto.

Na usijilinganishe na vipimo vya YouTube. Wengi wanapima kwenye chumba cha nyuzi ishirini na kitu. Wewe uko Temeke, chumba kina 32 kabla hujawasha chochote. Kipozeo cha hewa hakishushi joto chini ya lile la chumba, kwa hiyo ongeza kama nyuzi 10 juu ya namba zao.

Mhariri wa Temeke
Nusu Wati, Mungu akuweke. 65 nimeweka usiku ule ule, joto limekaa kwenye 70 na kitu. Harusi ya kwanza imetoka saa kumi na moja alfajiri, ya pili inaendelea.

Mhariri wa Temeke
Mrejesho. Jumatatu nimezunguka Kariakoo na rula mfukoni, wauzaji wamenicheka. Duka la tatu nimepata Assassin X ya 148, boksi limeandikwa LGA1700, na chenji imebaki kwenye laki na nusu. Nimefuta pesti ya zamani ya kupitisha joto, nimepaka mpya kiasi cha punje ya dengu, feni inapuliza kuelekea nyuma kwenye feni ya kutolea. Kioo kimefunga, nafasi imebaki kama milimita tano. PL1 nimeweka 125: inarenda saa nzima, nyuzi 82, dirisha wazi, kiyoyozi hakuna.

Fundi kapiga simu kuuliza naleta lini. Nimemwambia nimesafiri.

Hyper 212 EVO naiuza. Inafunga LGA1151 na 1200, vyuma vyake vyote vipo.

Kijana wa Upanga
Ninayo i3-10100 hapa, feni yake inapiga kelele. Usiuze kwa mtu, ngoja nitafute rula.