Viatu ving'ae, mazoezi ya usalama yasainiwe kwa uongo: hii ndiyo nidhamu ya ubaharia?

Wakuu, leo nimeshindwa kunyamaza. Kadeti, yaani mwanafunzi wa chuo cha ubaharia, akisahau kifungo gwarideni anapigishwa pushapu mpaka mikono inatetemeka. Kadeti huyohuyo akisaini kwamba amefanya zoezi la kuingia kwenye tangi la meli, na kifaa cha kupimia hewa hajawahi hata kukishika, hakuna anayemuuliza.

Tulipelekwa kwenye zoezi la kuvaa suti ya kujikinga na maji baridi. Suti mbili, moja zipu imegoma. Mmoja wetu akavaa, wengine tukatazama, karatasi ikazungushwa, wote tukasaini kwamba tumevaa. Muda si mrefu mkufunzi yuleyule akamtoa mwenzetu mstarini kwa sababu ya nywele. Nywele! Tangi lisilo na oksijeni halijali umenyoa au hujanyoa. Mtu anaanguka ndani, mwenzake anamkimbilia bila vifaa, naye anaanguka. Nidhamu inayookoa pale ni ya kusimama mlangoni na kumwambia afisa "hapana, hewa haijapimwa". Atasema vipi wakati miaka yote amefundishwa kuufyata?

Halafu kuna wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuamshwa usiku wawafulie kaka zao wa miaka ya juu sare. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, unadai baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Sisi tunafundishwa kuwa kukesha ndiyo uanaume, kisha tunashangaa watu wakifika melini wanajaza saa za mapumziko za kubuni na kusinzia kwenye zamu. Tangu 1 Januari 2026 mkataba huohuo unataka mafunzo ya msingi ya baharia yaguse kuzuia uonevu na unyanyasaji, ukiwemo wa kijinsia. Somo hilo mtalifundishia wapi, bwenini saa nane usiku?

Na msiniletee ile ya "hata sisi tulipitia hayo". Mlipitia, ndiyo maana mnayarudia.

Wanafunzi nao si malaika. Kitabu cha mafunzo ya melini, kile cha kuandika kazi ulizofanya, kinanakiliwa kutoka kwa aliyetangulia, mpaka makosa yake ya tahajia yanahamia humo.

Nataka jibu moja tu kutoka kwa wakufunzi mliomo humu: kifungo kikilegea adhabu yake tunaijua. Aliyesaini zoezi ambalo halikufanyika, yeye anapewa adhabu gani?